Namna ya kuifuata kodi iliyojificha kwenye bili yako ya umeme Texas, mpaka ikafike hazina ya jimbo

Ndugu zangu mlioko Texas, hasa nyie wa Houston na viunga vyake, fungueni bili ya umeme ya mwezi uliopita, ile PDF nzima, sio ile meseji fupi ya kukukumbusha kulipa, alafu tukae nayo kama nusu saa hivi. Naandika hivi kwasababu mimi mwenyewe nililipa miezi 14 kodi ambayo hainihusu kabisa, na niliporudishiwa hela yangu nikasema ngoja niifuate hii kodi inaenda wapi, nikajikuta nimefika mpaka kwenye takwimu za Ofisi ya Sensa ya Marekani ambako kuna fungu zima la leseni za makampuni ya huduma za umma. Kwahiyo tutaanza na mfuko wako, afu ndo twende kwenye mfuko wa jimbo.

Kabla hatujaanza, kitu kimoja lazima kikae kichwani. Nyumbani Tanzania tumezoea ukinunua LUKU risiti inakuchambulia kila kitu, VAT 18%, EWURA 1%, REA 3%, na Kenya tokeni nayo inakuja na orodha yake ya tozo. Unaona mwenyewe kwamba serikali imechukua kiasi gani kwako. Huku Texas kodi tunayoizungumzia, yani kodi ya mapato ghafi, kisheria sio yako, ni ya kampuni, serikali inaitoza kampuni kwasababu imeuza umeme ndani ya jimbo, kampuni inalipa, afu inakuja kwako inasema nirudishie nilicholipa. Ndo maana kwenye bili haijaandikwa tu kodi, imeandikwa "reimbursement" au wamekata "reimb". Hilo neno lina maana kubwa ukija kudai, tutaliona mbele.

HATUA YA 1: Tafuta mistari miwili

Shuka chini kwenye bili, pita bei ya umeme, pita hela ya kampuni ya nguzo na nyaya, utakuta sehemu ya kodi na tozo. Tafuta "Gross Receipts Reimb" na "PUC Assessment". Wa kwanza ni kodi ya mapato ghafi, yani asilimia ya mauzo yote kabla ya kutoa gharama. Wa pili ni mchango wa kuendesha Tume ya Huduma za Umma ya Texas, ile PUC, iliyoanzishwa 1975, ndo inayosimamia makampuni ya umeme.

Kampuni zingine zinaunganisha yote mstari mmoja, "Taxes and Fees" basi, huoni chochote. Usikubali, andika chat au piga simu omba mchanganuo, watakupa.

Kama uko Austin au San Antonio umeme wako unauzwa na kampuni ya jiji lenyewe, huna haya mambo ya kuchagua kampuni, kwahiyo ruka mpaka hatua ya 5. Sehemu kubwa ya Texas iliyobaki soko lilifunguliwa Januari 2002 na tangu hapo kila mtu anachagua anayemuuzia.

Na ukiwa hapo hapo angalia pia kama wamekutoza kodi ya mauzo ya jimbo, 6.25%. Umeme wa nyumba ya kuishi hautozwi hiyo kodi ya jimbo. Kuna majiji yana kodi yao ndogo kwenye umeme wa nyumbani, hiyo sawa, ila ukiona 6.25% kwenye bili ya nyumba unayolala ujue akaunti yako imesajiliwa kama ya biashara, waambie wairekebishe haraka.

HATUA YA 2: Jua kama kweli unaishi ndani ya jiji

Hapa ndo pesa ya watu inapopotelea kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Kodi ya mapato ghafi inahusu umeme uliouzwa ndani ya mji uliosajiliwa rasmi wenye watu zaidi ya 1,000. Ukiwa nje ya mpaka wa mji, kwenye eneo la kaunti tupu, haikuhusu. Sasa shida ni kwamba anwani ya posta haisemi ukweli. Mimi barua zangu zote zimeandikwa Houston, leseni ya udereva Houston, nikimwambia mtu naishi wapi nasema Houston, lakini nyumba iko nje ya mpaka wa jiji, iko Harris County tu. Posta inapanga majina ya anwani kwa urahisi wao wa kugawa barua, haina habari na mipaka ya manispaa. Watu kibao wa Katy, Cypress na Spring wako hivyo hivyo.

Unajuaje? Njia ya uhakika ni rekodi ya kodi ya majengo. Kwa Harris County nenda kwenye tovuti ya HCAD, ile ofisi inayothamini majengo kwa ajili ya kodi, andika anwani yako, ifungue, shuka mpaka kwenye orodha ya mamlaka zinazotoza kodi hiyo nyumba. Utaona kaunti, utaona wilaya ya shule, hospitali, bandari, na wengi mtaona MUD, ile wilaya ya maji na majitaka. Sasa tafuta jina la jiji. Kama "City of Houston" au mji mwingine wowote haupo kwenye hiyo orodha, uko nje. Rekodi ni za wazi kwahiyo hata kama umepanga unaweza kuangalia nyumba ya mwenye nyumba wako bila kumuomba ruhusa. Kuona MUD peke yake sio ushahidi tosha maana kuna MUD zilizomo ndani ya miji, cha muhimu ni kama jina la mji lipo au halipo.

Kuna dalili nyingine ya haraka. Ukipiga simu ya dharura nani anakuja? Kama ni gari la sherifu au konstebo badala ya polisi wa jiji, uwezekano mkubwa uko nje ya mpaka. Mama mmoja wa hapa mtaani, mimi namwita mama, nilipomuuliza hilo swali akaniambia, "Mwanangu, miaka sita naishi hapa sijawahi kuona gari la polisi wa Houston kwenye hii barabara." Tukafungua HCAD kwenye simu yake mezani pale pale, mji haupo, na bili yake ilikuwa inakatwa kila mwezi.

HATUA YA 3: Piga hesabu

Viwango vya Texas vinategemea idadi ya watu wa mji wako kwa sensa ya mwisho ya taifa:

- mji wa watu zaidi ya 1,000 lakini chini ya 2,500: 0.581%
- kuanzia 2,500 lakini chini ya 10,000: 1.07%
- 10,000 na kuendelea: 1.997%

Mchango wa PUC wenyewe ni sehemu moja ya sita ya asilimia moja, yani 0.1667%, na huo haujali uko ndani ya mji au nje, unabaki.

Tuseme bili yako kabla ya kodi ni dola 150. Mtu wa ndani ya Houston, 150 mara 0.01997 inakuja kama dola 3. Mchango wa PUC unakuja senti 25. Mtu wa nje ya mpaka anatakiwa aone senti 25 tu, zile dola 3 zisiwepo. Ukikuta 3.06 badala ya 3.00 usigombane nao, kuna kampuni zinahesabu asilimia juu ya jumla ambayo na hiyo kodi imo ndani yake, maana wakiipokea hiyo hela kutoka kwako nayo inahesabika ni mapato yao. Lakini ukikuta 4 au 5 hapo kuna kitu.

Na angalia kamji unakoishi kana watu wangapi. Mtu wa mji wa watu 6,000 akitozwa 1.997% anatozwa karibu mara mbili ya anachotakiwa.

HATUA YA 4: Dai hela yako

Anza na kampuni, kwa maandishi. Simu ni nzuri ila anayepokea mara nyingi hajawahi kusikia hii kitu, wa kwanza niliyeongea naye aliniambia kodi zote zinatoka serikalini hatuwezi kuzigusa, wa pili akaniambia niongee na jiji. Wote walikuwa wastaarabu tu ila hawakujua. Kilichonisaidia ni email yenye vitu vinne: namba ya akaunti, ile namba ndefu ya mita inaitwa ESI ID ambayo iko kwenye bili, picha ya ukurasa wa HCAD unaoonyesha jina la mji halipo, na sentensi moja inayosema hii ni marejesho ya kodi ya mapato ghafi ya ndani ya mji, mimi niko nje ya mji, naomba muondoe na mnirudishie kuanzia siku nilipofungua akaunti.

Hilo neno marejesho ndo nililosema mwanzo tutalifikia. Kwasababu kodi sio yako, wewe huendi kudai serikalini. Ofisi ya Komptrola wa Texas, ndo inayokusanya kodi za jimbo, inaijua kampuni, haikujui wewe. Kampuni ndo iliyokutoza kwahiyo kampuni ndo inakurudishia, wao na Komptrola watamalizana wenyewe. Usikubali kusukumwa uende ofisi nyingine.

Wakikataa au wakikaa kimya, PUC ina fomu ya malalamiko mtandaoni, haina gharama, weka email ile ile na majibu yao. Mimi sikufika huko, wiki ya tatu nikaona kwenye bili wameweka krediti ya dola 41 na senti 63. Sio hela ya kujenga nyumba, najua, lakini ni yangu, na kwenye mtaa wetu wenye nyumba kama 300 fanya hesabu mwenyewe kwa mwaka.

Ukihama kampuni hakikisha tena. Kosa linaweza kurudi kwasababu kila kampuni ina namna yake ya kupanga anwani.

HATUA YA 5: Sasa fuata hela ilikoenda

Kodi ya mapato ghafi ikishakusanywa inaenda kwa Komptrola, robo moja inaingia kwenye mfuko wa msingi wa shule na robo tatu zinaingia mfuko mkuu wa jimbo. Kwenye ripoti za mapato za Komptrola tafuta kodi za huduma, "Utility Taxes", ndo zimewekwa humo pamoja.

Majimbo mengine yana mpango wao. Florida inatoza 2.5% ya mapato ghafi ya umeme na hela inaenda kwenye mfuko wa kujenga na kukarabati shule na vyuo vya umma. Pennsylvania wao wanahesabu kwa mili, mili 59 kwa umeme, maana yake dola 59 kila dola 1,000, ni 5.9%. Jimbo la Washington 3.8734%. Ohio ndo wametofautiana kabisa, hawatozi asilimia, wanatoza kwa uniti: dola 0.00465 kwa kila uniti katika uniti 2,000 za mwanzo za mwezi, ukizidi hapo kiwango kinashuka.

Hii tofauti ya asilimia na uniti wengi wanaipita tu, mimi naona ndo yenye uzito kuliko zote. Mtu wa Ohio akitumia uniti 1,000 anakatwa dola 4 na senti 65, bei ipande isipande. Mtu wa Texas kodi yake inapanda na bei. Kumbukeni ile baridi ya Februari 2021, umeme ulivyokatika na watu wakafa ndani ya nyumba zao. Bei ya jumla sokoni ilifika dola 9,000 kwa megawati saa, ambayo ni dola 9 kwa uniti moja. Wapo waliokuwa na mikataba inayofuata bei ya soko moja kwa moja. Chukua 1.997% ya dola 9, unapata kama senti 18. Yani kodi peke yake kwa uniti moja ilikuwa kubwa kuliko bei nzima ya uniti ambayo wengi wetu tunalipa siku za kawaida. Baadaye ukomo wa bei ukashushwa mpaka 5,000, lakini kodi bado ni asilimia. Mkataba wa bei isiyobadilika unakulinda na hili pia, sio na bei tu.

HATUA YA 6: Takwimu za Sensa, na hapo ndo unakutana na neno leseni

Kila mwaka Ofisi ya Sensa inakusanya hesabu za kodi za majimbo yote 50 na kila aina ya kodi ina alama yake, herufi T na tarakimu mbili. Zinazokuhusu hapa ni mbili:

T15 ni kodi za makampuni ya huduma za umma zinazopimwa kwa mauzo, iwe mapato ghafi au uniti zilizouzwa.

T27 ni leseni za makampuni ya huduma za umma, yani hela ambayo kampuni ya umeme, simu, usafirishaji wa abiria au mizigo na nyinginezo inalipa ili iruhusiwe kufanya hiyo biashara, kwa kiwango maalum au kwa kipimo kama mtaji au ukubwa wa mitambo.

Njia rahisi ya kuzipata ni tovuti ya FRED, ya Federal Reserve Bank ya St. Louis. Andika kwenye kisanduku cha kutafuta "public utility license" na jina la jimbo, utapata grafu ya miaka yote na kitufe cha kupakua kwenye Excel, bure bila akaunti. Ukitaka majimbo yote kwa pamoja ingia kwenye tovuti ya Sensa yenyewe chukua jedwali la mwaka.

HATUA YA 7: Mitego, isome kabla hujaandika chochote popote

Wa kwanza ni jina. Jimbo linaweza kuita kitu leseni na Sensa wakakiweka kwenye kodi ya mauzo, kwasababu Sensa hawaangalii jina, wanaangalia kinapimwaje. Kama hiyo inayoitwa leseni ni asilimia halisi ya mapato inahamishiwa T15, ikiwa ni asilimia ndogo sana ya kujazia tu ndo inaweza kubaki kwenye leseni. Kwahiyo ukikuta jimbo halina kitu kwenye T27 usiseme makampuni ya umeme kule hayatozwi, angalia T15 kwanza. Kuna tofauti kubwa kati ya hayo mafungu mawili, leseni ni kidogo sana mbele ya kodi za mauzo. Nimeona mtu anawashangaa wanasiasa wa jimbo fulani kwamba wanabeba makampuni, kumbe alisoma mstari mmoja tu.

Wa pili, namba ziko kwa maelfu ya dola. Ukiona 25,000 ni dola milioni 25. Hapa watu wamekosea mpaka kwenye kazi za chuo.

Wa tatu, mwaka wa fedha. Majimbo 46 yanafunga Juni 30. New York inafunga Machi 31, Texas Agosti 31, Alabama na Michigan Septemba 30. Kwahiyo mwaka 2021 wa Texas umebeba ile baridi ya Februari ndani yake, unaanza Septemba 2020 unaisha Agosti 2021.

Wa nne, hizi ni hela za jimbo tu. Ile ada ambayo kampuni ya nguzo inalipa jiji kwa kupitisha nyaya kwenye barabara zake haimo, ni ya jiji.

Na ukilinganisha majimbo gawanya kwa watu. Sensa ya 2020 Texas ilikuwa na watu milioni 29.1, Pennsylvania milioni 13. Ukiweka namba ghafi pembeni kwa pembeni Texas itaonekana inakamua watu kumbe ni wingi tu.

HATUA YA 8: Weka rekodi

Fungua karatasi ya Excel, kila mwezi andika uniti ulizotumia, bili kabla ya kodi, ile kodi ya mapato ghafi na mchango wa PUC, alafu safu ya mwisho igawanye kodi kwa bili. Hiyo asilimia inatakiwa ikae pale pale mwezi hadi mwezi. Ikiruka tu, kuna mtu amegusa kitu.

Nyie mnaoishi kwenye miji midogo yenye watu 9,000 na ushee, ambayo kila siku inajengwa mitaa mipya, wekeni alama kwenye kalenda. Sensa ijayo ni 2030, na mji ukishahesabiwa watu 10,000 kiwango chenu kinatoka 1.07% kinaenda 1.997%, kwa bili ya dola 150 ni kutoka dola 1 na senti 60 kwenda dola 3. Lakini kabla hesabu mpya hazijatoka kampuni haina ruhusa ya kuwapandisha kwa kuona tu mji umekua, na akiwaambia hivyo mtu wa simu mjibuni kwamba kinachotumika ni sensa ya mwisho ya taifa, ya 2020.